Metallica walimbania Jason Newsted, na ushahidi ni EP yao wenyewe ya 1987

Wakuu leo naongea kwa hasira. Kila ikitajwa ...And Justice for All, albamu ya 1988 ya bendi ya metali Metallica, lazima atokee mtu aseme eti besi haisikiki kwa sababu Newsted, mpiga besi wao, alikuwa anafuata tu gitaa la Hetfield, mwimbaji na mpiga gitaa wao, basi ikamezwa. Huo ni uongo na mnaurudia bila hata kusikiliza.

Kasikilizeni Garage Days Re-Revisited, ndo hiyo EP, yaani rekodi fupi kuliko albamu. Agosti 1987, nyimbo tano, dakika 25 hivi, zote za bendi nyingine: Diamond Head, Holocaust, Killing Joke, Budgie, Misfits. Cliff Burton, mpiga besi aliyemtangulia, kafariki Septemba 1986 kwenye ajali ya basi Sweden, hata mwaka haujaisha, dogo Newsted ndo kaingia na hii ndo rekodi yake ya kwanza nao. Mazoezi gerejini kwa mpiga dramu wao Lars Ulrich, kisha studio siku sita, kazi imeisha, hakuna mbwembwe.

Sasa pigeni Crash Course in Brain Surgery. Anaanza nani? Besi! Iko peke yake, chafu, inakwaruza, ndo wengine wanadandia. Halafu nendeni The Small Hours, ule mwendo wa taratibu mzito, mtoe yeye pale muone kama kuna wimbo unabaki. Huyo ndo mnasema hapigi kitu?

Mwaka mmoja tu mbele, 1988, kwenye Justice mtu yule yule kapotea. Unavaa hedifoni, unaongeza besi mpaka dramu za Lars zinakupasua masikio na yeye bado humsikii. Na Steve Thompson, aliyefanya miksi ile, yaani kupanga viwango vya sauti za vyombo, na Michael Barbiero, alishasema hadharani kwamba ni Lars ndo alitaka ishushwe, sasa kosa la Newsted liko wapi hapo? Anabebeshwa lawama za miksi ambayo hakuishika!

Kinachoniuma zaidi ni 2018. Mwaka huo huo wametoa upya EP na Justice, zote zimesafishwa sauti, nafasi hiyo hapo mezani, besi ya Justice wakaiacha vile vile, eti ni historia isiguswe. Historia gani jamani? Hii hii EP Uingereza waliitoa bila wimbo wa The Wait ili urefu ukubalike kama EP kule, kwa hiyo kukata wanajua, kubadilisha wanajua, ila ikifika zamu ya Newsted ndo wanakumbuka historia.

Na mtu mwenyewe alichukua nafasi ya marehemu aliyependwa, akavumilia, akawapigia mpaka 2001 alipoondoka. Mimi sitaki salamu wala maneno matamu kwenye mahojiano, nataka Justice nyingine yenye besi inayosikika kama kwenye zile nyimbo tano, na wasipotoa waache kutuuzia ile ile kila mara.