Yah: Hita ya Beetle inaleta moshi ndani ya gari

Wandugu wa Tanzania mlioko Nairobi, habari za baridi?

Ile Volkswagen Beetle ya marehemu baba niliyoileta kutoka Tanga imeanza kunitesa. Nikivuta mkono wa hita pale kando ya handibreki, joto linakuja, lakini linakuja na harufu ya ekzosi. Jana nimefika Westlands kichwa kinapasuka. Fundi wa mtaani kaingia chini ya gari, katoka na unga wa kutu kwenye nyusi: "Hii imeoza, mathe. Naweka kiraka tu." (Mathe, yaani mama, ni mimi, nina miaka 31.) Nimpe kazi?

Wa South B

---

Pole sana dada. Usimpe bado. Hita ifunge, na vioo viache wazi hata kama unatetemeka.

Gari hilo halina rejeta. Feni inapuliza hewa kupoza injini, na sehemu ya hewa hiyo inapita kwenye makasha mawili ya bati yanayozunguka mabomba ya ekzosi ya silinda ya 1 na ya 3. Inapata moto humo, kisha inakuja miguuni kwako. Kati ya moshi na pua yako kuna ukuta wa bomba moja tu. Na hiyo harufu si adui mkubwa: kaboni monoksaidi hainuki wala haionekani. Kichwa kuuma ni dalili yake mojawapo.

Kiraka kinategemea palipotoboka. Likiwa ni kasha la nje, hata mimi langu nilichomelewa Kariobangi Light Industries na linadumu. Dai bati jeusi lisilopakwa zinki, si la mabati ya kuezekea. Zinki ikiungua moshi wake unampa fundi homa usiku. Lakini ufa ukiwa kwenye bomba la ndani, achana nalo. Yale makasha ya asili bomba limevikwa mapezi ya aluminiamu, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 660, chuma bado kabisa. Nilimwachia kijana mmoja ajaribu la kushoto. Mapezi yalidondoka sakafuni kama nta, na hela yangu ikaenda nayo.

Kwa hiyo yashushe kwanza, ndipo ujue. Nati zilowekwe mafuta usiku kucha. Zikigoma zipashwe moto, zisilazimishwe, stadi (boliti zinazoshikwa na nati hizo) zimeshika kwenye aluminiamu ya injini na zikikatika humo ni msiba mwingine. Kisha ziba mdomo mmoja wa bomba, puliza hewa kidogo ya kompresa mdomo wa pili, zamisha kwenye beseni. Povu likitoka upande wa kasha, ndiyo jibu: bomba la ndani limetoboka. Wakati wa kurudishia, gasketi mpya, maana ikivuja pale kwenye kichwa cha silinda utalaumu kasha bure.

Kaka yako wa Ngara

---

Mimi nimeyatoa yote, nikafunga mabomba matupu. Navaa sweta. Limuru asubuhi najuta.

Wa Kikuyu

---

Sawa mzee, ila yale matundu mawili ya feni yaliyokuwa yanalisha hita umeyaziba? Yakiwa wazi, hewa ya kupoza injini inamwagika hovyo, na hapa tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa yenyewe nyepesi.

Wa Ngara

---

Nimeyaziba kwa vifuniko vya kopo la rangi. Usicheke.

Wa Kikuyu

---

Shikamooni, na asanteni. Tumepima leo kwenye karai la jirani muuza samaki. La kulia kimya. La kushoto limechemka kama maharage. Chumvi ya Tanga hiyo, nadhani.

Kuna Beetle iliyokufa huko nyumbani Raskazone, kaka yangu anafungua kasha la gari hilo Jumamosi na kulituma kwa basi la kupitia Namanga. Nimemwambia asilipe mpaka alizamishe. Anauliza kama bahari inafaa, maana beseni mama amekataa kulitoa.

Wa South B