Hii porojo ya kalamu na penseli angani imenichosha, tena anayeipinga ndiye anaonekana mnoko

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naitema.

Juzi kwenye semina ya kazini mkufunzi kasimama, kabonyeza slaidi, na mimi nikajua kinachokuja kabla hajafungua mdomo. Mwanaanga kushoto, penseli ya njano kulia. Eti Wamarekani walimwaga mamilioni ya dola kubuni kalamu ya kuandikia angani, Warusi wakachukua penseli. Ukumbi mzima kwi kwi kwi. Nikanyoosha mkono, nikasema jamani, hiyo si kweli. Jamaa akatabasamu: "Kweli isiwe kweli, ujumbe umefika." Watu wakacheka tena, ila safari hii wananicheka mimi.

Ujumbe gani uliofika? Kwamba wahandisi waliorusha watu hadi mwezini walikuwa wajinga kiasi cha kutokumbuka kuna kitu kinaitwa penseli?

Walikuwa nazo! Mwaka 1965 NASA ilinunua penseli 34 za kubonyeza kwa dola 128.89 kila moja, bei ilipojulikana ikawa kelele tupu. Kwa hiyo kashfa ya matumizi ilikuwepo kweli, ila ilikuwa ya penseli. Hapo wachekeshaji wetu hawagusi.

Kalamu yenyewe haikubuniwa na serikali. Aliibuni Paul Fisher, mtu aliyekuwa na biashara yake ya kalamu, kwa fedha zake mwenyewe. Kalamu ya kawaida inategemea wino ushuke kwa uzito wake, ndiyo maana ukiandika umelala chali baada ya muda inagoma. Yeye akaziba mrija wa wino, akashindilia nitrojeni ndani yake isukume, na wino wenyewe ni mzito kama ute, unalainika tu kile kijipira cha nchani kikizunguka juu ya karatasi. NASA ikaipima, ikaridhika, ikanunua kama 400 kwa dola 2.39 moja. Dola mbili na ushee, wakuu! Oktoba 1968 zikapaa na chombo cha Apollo 7. Na hao Warusi mnaowasifia? Februari 1969 walinunua kalamu 100 na mirija ya wino 1,000, kwa Fisher huyo huyo, kwa bei ile ile.

Sasa kwa nini penseli ni balaa? Chonga penseli hapo ulipo, puliza unga. Unaanguka, unafuta meza, yamekwisha. Kule juu hauanguki. Vipande vya mbao vinaelea, ncha ikikatika inaelea, inaweza kumwingia mtu jichoni au ikapenya nyuma ya paneli ya swichi. Na ule weusi ni grafiti, unapitisha umeme. Mbao nazo zinawaka.

Hapo kwenye kuwaka ndipo panaponitoa kwenye mstari, kwa sababu wanaoicheka hiyo kalamu hawakumbuki kilichotokea tarehe 27 Januari 1967. Wanaanga Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee walikuwa wamefungiwa ndani ya chombo cha Apollo 1, juu ya roketi, wakifanya zoezi tu. Roketi haikuwa na mafuta, hivyo zoezi halikuhesabiwa kuwa la hatari. Mawasiliano yalikuwa yanakatika-katika hadi Grissom akafoka: tutafikaje mwezini kama hatuwezi kuongea kati ya majengo mawili matatu? Chumba kilijazwa oksijeni tupu, tena kwa mgandamizo unaozidi wa hewa ya nje. Kwenye hewa ya aina hiyo hata nailoni na vitambaa vya kunasia vitu vinashika moto kama vimemwagiwa petroli. Cheche ikaruka, kwa dalili zote kwenye nyaya. Mlango ulikuwa wa kufungukia ndani, na mgandamizo wa moto ukaukandamiza pale pale. Walio nje ilibidi wapambane kama dakika tano kuufungua. Wote watatu walikuwa wameshafariki.

Penseli haikuhusika na moto huo, msije mkaninukuu vibaya. Ila baada ya pale kila kinachoingia chomboni kiliulizwa: kinawaka? Mlango ukatengenezwa upya ufungukie nje, haraka. Hewa ya wakati wa kuruka ikachanganywa, oksijeni asilimia 60 na nitrojeni asilimia 40. Hayo ndiyo mazingira ya "kujitatizia kazi" mnayoyachekea kwenye slaidi.

Na nisiwe mchoyo, penseli zilifika angani kweli. Mwanaanga Mrusi Alexei Leonov, Machi 1965, alichora macheo kwa penseli za rangi akiwa ndani ya chombo cha Voskhod 2. Lakini alizifunga kwa kamba mkononi ili zisimtoroke. Yaani hata mwenye penseli alijua ni kitu cha kufungwa kamba.

Kinachokera ni kwamba hadithi tamu ya kalamu ipo, tena ya kweli, na hakuna mkufunzi anayeisimulia. Julai 1969, Armstrong na Aldrin wamemaliza kutembea mwezini, wamerudi chomboni, wanaona kibonyezo kimekatika kipo sakafuni. Kukagua, ni cha swichi ya kuiwezesha injini ya kuwaondoa pale. Ile ile, si nyingine. Aldrin hakutaka kuingiza kidole wala kitu chenye chuma nchani, maana ni umeme. Akatoa kalamu ya wino yenye ncha laini kama kitambaa, ile ya "felt", kutoka mfuko wa begani, akaisukumia mle tundu. Ikashika. Wakaondoka.

Mkufunzi mwenye hiyo mkononi bado anachagua ile ya uongo! Jana imeingia tena kwenye simu yangu, safari hii imewekewa nyota kwa nyuma na maandishi "sambaza kwa watu 10". Aliyenitumia alikuwa semina ile ile, kiti cha mbele yangu.