Tupeane uzoefu: kufundishia sekondari kwa igizo dhima la dadu

Mwenye mada, Tabora mjini

Wakuu, uzi huu ni wa walimu wanaotumia igizo dhima la mezani. Kila mwanafunzi anashika mhusika, msimulizi anaeleza hali, wahusika wanasema wanafanya nini, na penye shaka dadu inaamua. Mtindo ulianzia Marekani mwaka 1974 na Dungeons & Dragons, ila majoka hatuyahitaji, njia ya misafara ilipita hapa hapa kwetu. Weka vifaa, idadi, na mahali panapoharibika. Zile za "darasa langu lilifurahi sana" zianzishiwe uzi wake.

Historia, Ujiji

Mada inayokubali bila kulazimishwa ni biashara ya masafa marefu. Msafara utoke Tabora kuja Ujiji, mwaka 1871, mtemi Mirambo yuko vitani na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora na njia ya kawaida imefungwa. Uamuzi wa kwanza wa kundi: kukata moja kwa moja au kuzungukia kusini? Stanley, yule mwandishi aliyekuwa anamtafuta Livingstone, mwaka huo alizungukia kusini. Usiwaambie kabla hawajaamua.

Wahusika sita: kirangozi anayetangulia, mwenye mali, mkalimani, mpishi, askari mwenye gobori, na msemaji wa wapagazi. Huyu wa mwisho mpe mwanafunzi mwenye mdomo, kwa sababu wapagazi wakitua mizigo safari imekwisha. Mizigo ni vifuniko 24 vya soda: 12 nguo, 6 shanga, 2 waya wa shaba, 4 chakula. Vituo ni sita, na kila kituo kinakula kifuniko kimoja cha chakula. Ndiyo, hakitoshi, na ni makusudi. Baada ya kituo cha nne lazima wanunue kwa nguo, na hapo ndipo wanapoelewa kwa nini nguo ilikuwa fedha. Uvinza wawekee chumvi, wakiinunua wapate bei nzuri wakifika ziwani.

Hongo, yaani ushuru wa kupita kwenye nchi ya mtemi: mkalimani aseme maneno yake yote kwanza, ndipo arushe dadu mbili. Jumla ikifika 7, hongo ni kifuniko kimoja cha nguo, isipofika, vitatu. Akitoa hoja iliyomo kwenye daftari la historia, ongeza 2 kwenye jumla.

Kinachoharibika zaidi ni vita. Wavulana hasa watataka kupigana kila kituo. Usikemee, weka gharama: kila mapigano yanakimbiza wapagazi wawili, na vifuniko viwili vinabaki njiani. Wakipigana mara mbili wataanza kujadiliana wenyewe. La pili ni treni. Hakosekani wa kutaka kuipanda, kwa hiyo andika mwaka ubaoni na usiufute. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914.

La tatu ni zito. Watumwa walipitishwa njia hii hii na kulificha ni kudanganya, lakini mtu asihesabiwe kwa kifuniko cha soda, wala mwanafunzi asipewe nafasi ya kununua au kuuza binadamu. Mkikutana na msafara wa watumwa, simamisha mchezo, fundisheni kwa kusoma na kujadili, kisha endeleeni.

Hisabati, Kasulu

Hiyo hongo ni kipindi kizima cha uwezekano, msiipitishe hivi hivi. Kosa la wanafunzi linajulikana: jumla ziko 11, kutoka 2 hadi 12, basi kupata 7 ni 1/11. Tumia dadu za rangi mbili. Nyekundu 3 na bluu 4 si sawa na nyekundu 4 na bluu 3, na mtoto akichora jedwali la 6 kwa 6 anaziona 7 zimejipanga mshazari, sita kati ya 36. Kupata 7 au zaidi ni 21/36, kama asilimia 58. Mwenye nyongeza ya 2 anahitaji 5 tu: 30/36, asilimia 83. Waache wapige wenyewe hesabu ya faida ya kufungua daftari.

Dadu hakuna? Chukua penseli ya pembe sita, chonga alama 1 hadi 6 pande zote, iviringishe mezani, upande wa juu ndio jibu. Kama dawati lina mteremko, viringishieni sakafuni. Dadu za kuchonga kwa mti zijaribuni kwanza: mirusho 60, kila upande utegemewe kutokea mara 10 hivi. Nane au 13 si neno. Upande ukifika 20, tupa.

Baiolojia, Kigoma mjini

Kwangu sheria ni moja: dadu isiguse ukweli wa sayansi. Iamue kama mtumbwi umepatikana au mwenye nyumba yupo, isiamue kama vimelea vimekufa.

Kijiji cha kubuni mwambaoni, mlipuko wa kuhara na kutapika. Kadi 10 za wagonjwa: nyumba, siku aliyougua, maji anayokunywa (ziwa, kisima au bomba). Maafisa afya wana saa 8 na kila nyumba inakula saa 1, hivyo hawawezi kuzimaliza zote, lazima wachague. Wakifika kwa mgonjwa waseme vipimo vya maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazisha. Wengi hugeuza. Aliyezidisha chumvi, kadi yake ya mgonjwa inakuwa mbaya zaidi, na aeleze sababu kwa osmosisi (maji kuvutwa kwenda penye chumvi nyingi).

Nzega, mkondo wa wanafunzi 70

Makundi 10 ya watu 7, sita wahusika na mmoja msimulizi. Wasimulizi 10 wafundwe siku moja kabla, dakika 30, kwa kucheza kituo kimoja na mwalimu. Ukiruka hapo utakimbia darasa zima ukijibu "Mwalimu, hapa inakuwaje?" Dakika 40 zigawe 5 za kujipanga, 25 za kucheza na 10, kumi za mwisho ni za kuandika shajara ya mhusika, kwa Kiingereza kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza. Mabishano wacha yawe ya Kiswahili. Wapole hawatasema kitu bila zamu, kwa hiyo zungusheni kifuniko chenye rangi: asiyekishika hasemi.

Kwenye andalio la somo andika "igizo dhima". Mthibiti ubora akikuta dadu bila andalio ataona kamari.

Historia, Ujiji

Nimesahau moja. Kengele ikilia katikati ya safari, vifuniko vya kila kundi viingie bahasha yao, vihesabiwe mbele yao, idadi iandikwe juu kwa kalamu ya wino na bahasha ubaki nayo wewe. Wakiondoka nazo, kipindi kijacho kila msafara utakuja na nguo 30.