Kubadilisha vigae vya jikoni kumefika hadi bafu la juu. Nisimamishe kazi au niendelee? (Buruburu, Nairobi)

Mama Neema

Hamjambo ndugu zangu. Naomba ushauri wa haraka, fundi anarudi Alhamisi asubuhi na nataka awe na jibu langu.

Nyumba ni ya mama, ya ghorofa moja, zile za miaka ya 1970 hapa Buruburu. Januari tulipatana na fundi abadilishe vigae vya jikoni na sinki: siku kumi, shilingi 140,000, vifaa pamoja na ufundi. Alipobandua vigae akakuta ukuta umelowa. Akachimba, akakuta bomba la chuma limeliwa na kutu, tukabadilisha kipande. Nyaya za soketi nazo zilipita hapo hapo, mpira wake ukipukutika ukiguswa, zikatolewa. Halafu sakafu ikang'olewa. Hii ni wiki ya kumi na moja na nimeshatoa 385,000.

Tunapika sebuleni. Sinki ni karai. Kila sufuria inaoshwa kabla ya kupika na baada ya kupika, na bado juzi tumekula ugali wenye chengachenga za saruji. Mama ana pumu. Usiku namsikia akikohoa na mimi usingizi unanipaa.

Sasa unyevu umejitokeza kwenye ukuta wa ngazi. Fundi anasema bafu la juu linavuja, livunjwe lote, 210,000 nyingine. Mama naye amekuwa akichora mstari wa penseli pale unyevu unapofikia na kuandika siku pembeni. Anasema unapanda siku za mgao tu, yaani siku maji ya bomba yanapokuja, Jumatano na Jumamosi, siku nyingine unatulia. Fundi ni mtu mwaminifu, sijamkamata na uongo hata mara moja. Nikubali avunje?

Kibanda Umiza

Pole sana dada. Sisi tulianza na mlango wa choo tukamaliza na paa. Usimpe hata senti ya bafu kabla jikoni hakujapakwa rangi na sinki kutoa maji.

Plamba wa Mtaa

Dada, mpe mama heko, maana hiyo penseli yake imeshafanya nusu ya kazi. Hebu fikiria: bafu la juu linakula maji ya tangi, na mnaoga kila siku. Lingekuwa linavuja, ukuta ungelowa kila siku. Ukilowa siku za mgao pekee, mimi nashuku bomba linalotoka kwenye mita kupandisha maji kwenye tangi, kwa sababu hilo hubeba presha siku maji yanapokuja tu.

Usivunje, pima kwanza. Kesho Jumatano maji yakija, panda ufunge koki inayoingiza maji kwenye tangi. Kama haifungi, liinue boya ulifunge kwa kamba. Funga na mfereji wa nje na wowote mwingine unaotumia maji ya moja kwa moja. Kisha kaa mbele ya mita uitazame. Ule mshale mdogo ukiendelea kuzunguka, maji yanapotelea kati ya mita na tangi. Ukisimama kabisa, ndipo tuzungumzie bafu, na hata hapo ziba tundu la kutolea maji, jaza maji sakafuni, uache usiku kucha uone.

Mabomba hayo ya chuma hupakwa zinki. Miaka ikipita zinki inaisha, kutu inaanza kwa ndani, huioni mpaka litoboke. Ndiyo maana nyumba za zamani kazi huzaa kazi. Fundi wako si lazima awe mwongo, ila mtu wa vigae huona dawa kwenye vigae.

Mwalimu Mstaafu

Naomba kutofautiana kidogo. Mabomba yote yaliwekwa siku moja, yatakufa pamoja. Ukiziba hili leo, mwaka kesho la bafuni litapasuka na utarudi kwenye vumbi lile lile. Kama fedha zipo, maliza yote sasa.

Nyanya Kay

Fedha si ya kwanza hapo, mwalimu. Ni kifua cha huyo mama. Mwanangu, mpeleke kwa ndugu yenu hata wiki mbili. Kama hataki kuondoka, ning'inizeni nailoni nzito mlangoni mwa jikoni, ishikwe na gundi pande zote, na wafagie kwa kunyunyiza maji, wasifagie pakavu. Dawa yake ya kuvuta akae nayo mfukoni.

Mama Neema

Nimerudi. Jumatano maji yalikuja saa kumi na moja alfajiri. Nilifunga boya kwa kamba ya kuanikia nguo, nikafunga kila kitu, nikachuchumaa mbele ya mita na tochi. Mshale ulikuwa unazunguka polepole bila kupumzika. Nilimwita mama akauone.

Fundi alipofika nilimwonyesha penseli na nikamweleza habari ya mita. Alinyamaza, akasema tusivunje bafu. Ijumaa tumeliacha bomba la zamani likiwa limekufa ndani ya ukuta, tukapitisha la plastiki ngumu (PPR) kwa nje na kulifunika lisipigwe na jua. 23,500 yote.

Mwalimu, nimekusikia, na huenda una haki. Lakini bafu litasubiri Desemba, na safari hiyo tutaandikiana: kazi gani, bei gani, na nyongeza yoyote iandikwe kabla ya nyundo kugusa ukuta. Sasa hivi nataka jikoni tu.

Nyanya Kay, mama amekataa kata kata kuondoka. Nailoni tumeweka na usiku wa jana alikohoa mara mbili tu.

Leo Jumamosi maji yamekuja tena. Jioni amepanda ngazi na penseli yake, amesimama pale kwa muda, kisha akashuka bila kuchora kitu.