Mrejesho: kile kitabu cha mtoto na dubu nimekipata

Wapendwa, niliuliza jina la kitabu alichosomewa binti yangu shuleni huku Maine, Marekani: mama na mtoto wanachuma matunda mlimani, dubu na mwanawe wako upande wa pili, mara watoto wanapotezana na mama zao na kila mmoja anamfuata mama asiye wake. Aliyenijibu Blueberries for Sal, asante sana, ndicho! Ni cha Robert McCloskey, 1948. Nilidhani picha ni nyeusi, kumbe wino wote ni buluu iliyokoza kama matunda yenyewe. Maktaba wanacho, tumekiazima bure. Shida sasa ni jikoni: binti anadondosha maharage mojamoja kwenye sufuria ili yalie kama ndoo ya Sal, yule mtoto wa kitabuni, anapodondosha matunda. Tutakula saa ngapi?