Huyu baba leo kanitukana nikiwa nimeshika kijiko

KeaWaUsiku:
Wakuu habari za mchana huu wa Mei 12, 2025, za kwangu mbaya. Nimetoka kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee huku Uingereza, saa tano badala ya saa mbili, nimejitupa kitandani na soksi zangu, usingizi umegoma, nikifumba macho namwona yule baba wa miwani na bendera nyuma yake, Waziri Mkuu wa huku. Simtaji, mnamjua. Yule ambaye hata ukimuuliza bei ya mkate atakwambia baba yake alikuwa fundi.

Ilikuwa hivi. Shifti ya usiku imeisha, mdada wa asubuhi hakutokea, meneja akanijia na ile sauti ya kubembeleza mtoto anywe dawa, eti nibaki masaa matatu tu maana hakuna mtu. HAKUNA MTU, shikeni hapo. Nikabaki. Nikakaa sebuleni namlisha babu mmoja wa miaka 91 chai. Ndiyo, namlisha chai, vitu vya majimaji vinampalia, kwa hiyo inatiwa unga fulani inakuwa nzito kama uji wa mgonjwa, unampa kijiko kimoja, unaangalia koo lipande lishuke, ndo unampa kingine. Ukiharakisha umeua mtu. Sasa kijiko cha nne kiko hewani, tivii iko wazi mbele yetu, baba wa miwani anasema bila sheria za maana nchi hii inaweza kugeuka kisiwa cha wageni.

Kisiwa. Cha wageni. Na kijiko ninacho mimi!

Babu akanigeukia, "Anamsema nani huyo?" Nikamwambia anatusema sisi babu. Akakunja uso, akafikiri weee mpaka chai ikaanza kunidondokea mkononi, akasema, "Wewe? Si wewe ndiye wa chai?" Wakuu nilicheka, halafu nikalia, halafu nikampa kijiko cha nne.

Kwetu wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sawa. Mimi jembe nilikabidhiwa hata lebo ya ndege haijatoka kwenye begi, nalima tangu Novemba 2022, nimegeuza vitandani watu wa kilo 120, nimewafumba macho wazee wao saa tisa usiku watoto wao hawapokei simu, leo ndo mgeni? Eti viza ya kea, ya sisi tunaotunza wazee, inafungwa, watu wasiletwe tena kutoka nje, wakati nafasi zaidi ya 100,000 ziko wazi ndo maana nalazimishwa kubaki! Na makaratasi ya kukaa moja kwa moja yatoke miaka 5 yaende 10, na hawasemi kama sisi tuliokwishaingia tumo au hatumo. Nilibakiza miaka miwili na nusu jamani. Nimeshaanza kudunduliza zile paundi 3,029 za fomu. Na mama yake alikuwa nesi! Mtoto wa nesi! Kijiko kikiwa hewani!

Mtoto_wa_Chumbageni:
Pole dada. Ila si ndo huyuhuyu Starmer Julai mwaka jana ulituwekea picha umesimama nje ya ukumbi wa kanisa unakenua, eti Jumuiya ya Madola oyee tumepiga kura, ukalalamika umepewa penseli kama mtihani wa darasa la pili na hawajakupaka wino? Kunywa chai yako hiyo nzito.

KeaWaUsiku:
Nilimpigia na penseli yangu, nakiri. Mpinzani wake si alikuwa Sunak, yule wa kutangaza uchaguzi kwenye mvua bila mwavuli? Baba kazaliwa Kenya, mama Tanganyika, na bado serikali yake Machi 2024 ikatuzuia watu wa kea kuleta watoto. Ningefanyaje?

MwalimuMstaafu:
Samahani kidogo, tafsiri yako ina kasoro. Mgeni kwetu ni neno la heshima, anachinjiwa kuku. Huyo bwana alimaanisha watu baki, watu wasiojuana.

DerevaWaM6:
Watu baki? Mwalimu, huyo babu anajuana na nani kuliko anayemfuta mgongo?

KeaWaUsiku:
Mwalimu kwa hiyo nikitukanwa kwa Kiswahili fasaha ndo haiumi? KIJIKO KILIKUWA HEWANI.

Mtoto_wa_Chumbageni:
Tumeelewa kuhusu kijiko.

DerevaWaM6:
Wala hana shida na nyie huyo, kaogopa yule mzee wa pinti, Farage wa chama cha Reform. Tarehe 1 Mei wale jamaa wamezoa halmashauri 10, na kiti cha ubunge cha chama chake kule Runcorn wamekichukua kwa kura 6. Sita! Hiyo ni familia moja ya Kigoma tena nusu wako shamba. Lazima achanganyikiwe.

Bukuu_Coventry:
Wa kea mna kelele sana, ile ada ya afya ya wenye viza hamlipi hata senti. Mimi mwanafunzi natoa paundi 776 kila mwaka na sijaugua hata mafua. Na leo hii wamesema ile viza ya baada ya masomo inatoka miaka 2 inakuwa miezi 18. Mbona sijafungua uzi?

DerevaWaM6:
Umefungua sasa hivi, ndani ya uzi wa mwenzio.

NipoMbagala:
Mnalia huku mnalipwa kwa paundi. Mimi natoka saa kumi na moja alfajiri naning'inia mlangoni mwa daladala. Hilo jembe kama limekuchosha nitumie.

KeaWaUsiku:
Ndugu yangu si nimekwambia wamefunga?

Omosh254:
Nyinyi mbona mnang'ang'ania huko? Sisi Wakenya gava ilisaini mkataba wa kazi na Ujerumani Septemba mwaka jana, mabinamu zangu wawili wako darasani saa hii wanasoma Kijerumani.

Bukuu_Coventry:
Kijerumani unasubiri mpaka mwisho wa sentensi ndo ujue mtu kafanya nini. Mgonjwa atakufa unasubiri kitenzi.

Omosh254:
😂😂 enyewe

MamaShani:
Nje ya mada wapendwa, nimehamia Leicester wiki iliyopita, unga wa dona unapatikana wapi? Huu niliopata ugali unatoka kama simenti, watoto wamegoma kula.

NipoMbagala:
Huku dona tele.

KeaWaUsiku:
MamaShani njoo inbox nikuelekeze, kuna Msomali mmoja analeta kila Alhamisi. Usichukue ya mfuko mwekundu, ina wadudu.

Mtoto_wa_Chumbageni:
Dada, si ulisema umelala unatazama dari?

KeaWaUsiku:
Naingia tena saa mbili usiku. MamaShani, akikwambia imeisha mwambie akuangalizie stoo, huwa anaificha.