Kwa nini vita vya ndani havimaliziki upesi?

Swali: Ndugu zangu, tangu mwaka 1945 vita vingi vimepiganwa ndani ya nchi kuliko baina ya nchi na nchi. Ni kwa nini vita vya namna hii huchukua miaka mingi bila kupata mshindi?

Jibu la kwanza: Umaskini na ubaguzi huwasha moto, lakini kinachouchochea ni fedha. Nchini Angola, vita vilivyoanza mwaka 1975 viliendelea hadi 2002, serikali ikitegemea mafuta na waasi wa UNITA wakiuza almasi, kiasi kwamba hata wafadhili wa Vita Baridi walipojiondoa, kila upande ulikuwa na mfuko wake.

Jibu la pili: Nakubaliana nawe, ila tusisahau hofu. Mpiganaji anayeambiwa asalimishe bunduki huuliza, na ana haki ya kuuliza, ni nani atakayemlinda kesho yake. Ndiyo maana mikataba isiyo na msimamizi mwenye nguvu mara nyingi huvunjika.

Jibu la tatu: Madhara nayo hayakomi kwa kutia saini. Msumbiji, ambako mkulima aliendelea kulima bila kujua jembe litagonga nini, ilipata amani mwaka 1992, lakini ilitangazwa kuwa haina tena mabomu ya kutegwa ardhini mwaka 2015.